Mtu Akitoka Katika Dini: Tumuue, Tumfukuze au Tumwache?

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya tarawehe, ikapunguzwa kidogo ili iingie katika jarida letu la Ramadhani)



Masheikh wangu, walimu wangu, wazee, mama zetu na dada zetu mlioko upande ule wa pazia, na nyinyi vijana wenzangu.

Kamati iliniletea mada tatu nichague moja. Mbili zilikuwa za funga na fadhila zake. Hii ya tatu niliona kila mtu anaipisha, nikaichukua mimi. Manake hili ni swali ambalo kila mwanafunzi Mwislamu akifika chuo kikuu huulizwa, tena mbele za watu: nyinyi mnasema dini yenu haina kulazimishana, mbona basi mtu akitoka mnamuua? Na majibu yetu huwa ni mawili. Wa kwanza hupandisha sauti: urongo huo, hakuna kitu kama hicho katika Uislamu! Wa pili hukunja mikono, akasema: ndiyo, hiyo ndiyo sheria, kama huipendi shauri yako. Wa kwanza hajasema kweli. Wa pili amesema nusu ya kweli, na nusu aliyoiacha ndiyo niliyokuja kuizungumza usiku huu.

Nianze na yale tunayosomeshwa, bila kuyafunika. Sisi wa pwani wengi wetu ni Mashafii. Fungua vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu, mlango wa ridda utaukuta. Murtadi, yaani Mwislamu aliyebaleghe, mwenye akili zake, aliyetoka katika dini kwa hiari yake, ataitwa atubu, na akikataa atauawa. Wafuasi wa Imam Malik na wa Imam Ahmad bin Hanbal wako hapo hapo. Mahanafi nao wako hapo kwa mwanamume, lakini kwa mwanamke wanasema afungwe, asiuawe. Hilo la mwanamke naomba mliweke kichwani, nitalirudia. Dalili yao kubwa ni hadithi aliyoipokea Ibn Abbas (r.a.), nayo imo katika Sahihi Bukhari, inayoamrisha auawe aliyebadilisha dini yake. Kuna ile ya Ibn Mas'ud (r.a.) inayowataja watu watatu ambao damu yao si haramu, na mmoja wao ni mwenye kuiacha dini na kujitenga na jamaa. Kuna na kisa cha Muadh bin Jabal (r.a.) alipofika Yemen, akamkuta kwa Abu Musa mtu aliyefungwa, aliyesilimu kisha akarejea Uyahudi. Muadh alikataa kuketi mpaka hukumu ipitishwe.

Hizi si hadithi za kuokotwa. Kijana anayesimama mbele ya wenzake akasema haya ni mambo yaliyobuniwa na maadui wa Uislamu, ama hajasoma ama anadanganya, na kudanganya kwa ajili ya dini bado ni kudanganya.

Haya, sasa tufungue Qur'ani.

Qur'ani imeizungumza ridda si mara moja. Tazameni Suratul Baqara aya ya 217, Aal Imran kuanzia aya ya 86, An-Nisaa aya ya 137, Al-Maida aya ya 54, An-Nahl aya ya 106. Kasomeni nyumbani, kwani mwezi wenyewe ni wa Qur'ani. Mtakuta amali zinaporomoka, laana, ghadhabu za Mwenyezi Mungu, Moto. Mambo mazito sana, wala sikusimama hapa kuyafanya mepesi. Lakini katika aya hizo hakuna hata moja inayomtaja kadhi wala upanga. Mwizi ametajiwa adhabu yake. Mzinifu ametajiwa. Mwenye kumsingizia mwanamke aliyehifadhika ametajiwa mpaka hesabu ya viboko, 80. Huyu aliyefanya kosa kubwa kuliko wote hao, hesabu yake imeachwa kwa Mola wake.

Na ile ya An-Nisaa 137 hebu ifikirini vizuri. Inamzungumza mtu aliyeamini, kisha akakufuru, kisha akaamini tena, kisha akakufuru tena, halafu akazidi katika ukafiri wake. Wapo maulamaa waliouliza swali jepesi: mtu huyu angekuwa amekatwa kichwa mara ya kwanza, hiyo mara ya pili angeipatia wapi? Waliopinga husema kwamba alitubu ile mara ya kwanza, ndiyo maana akabaki hai. Sawa, lakini ile ya pili, mpaka akafika kuzidi? Mimi jibu lao hapo halijanikaa.

Ongezeni na Al-Baqara 256 inayokataza kulazimishana katika dini, na Yunus 99, ambapo Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume wake kwamba lau angetaka watu wote wangeamini, kisha anamuuliza, kana kwamba anamzuia, je yeye atawalazimisha? Aliyeulizwa ni Mtume (s.a.w.). Mimi na wewe ni nani?

Twende kwenye Sira. Imo katika Bukhari kwamba bedui mmoja alikuja Madina akatoa baia ya Uislamu mkononi mwa Mtume (s.a.w.), kisha akashikwa na homa ya mji. Akarudi akataka baia yake ivunjwe. Mtume akakataa. Akarudi tena, akakataa, na mara ya tatu vile vile. Yule mtu akatoka akaenda zake. Mtume (s.a.w.) akaufananisha mji wa Madina na mvukuto wa mhunzi unaotoa taka za chuma. Basi. Hakutumwa mtu kumfuata.

Mwaka wa 6 Hijria, katika sulhu ya Hudaybiyya, Mtume (s.a.w.) alikubali sharti ambalo Swahaba liliwauma sana: Mkureshi atakayekimbilia Madina bila ya ruhusa ya walii wake atarudishwa, lakini Mwislamu atakayerudi kwa Makureshi hatadaiwa. Watu hukumbuka nusu ya kwanza kwa sababu ya kisa cha Abu Jandal na minyororo yake. Mimi naomba mkumbuke nusu ya pili. Aliyetaka kuondoka, njia ya Makka ilikuwa wazi mbele yake, kwa mkataba alioukubali Mtume mwenyewe.

Kwa uadilifu nitaje na la upande wa pili. Abdullah bin Sa'd bin Abi Sarh alikuwa mwandishi wa wahyi, akaritadi, akakimbilia Makka na kuanza kueneza maneno dhidi ya Mtume (s.a.w.). Siku ya kufunguliwa Makka aliamrishwa auawe. Uthman bin Affan (r.a.), aliyekuwa ndugu yake wa kunyonya, akamleta kwa mkono wake na kumwombea, na Mtume akanyamaza muda mrefu, kisha akamkubalia. Basi mtu huyo baadaye alikuwa gavana wa Misri, akaongoza majeshi ya Waislamu mpaka baharini. Lau upanga ungetangulia, historia ya Uislamu ingekuwa imempoteza mtu huyo. Kwa hakika lile lilikuwa kosa la mtu aliyehamia kwa adui wakati wa vita, na hapo ndipo pana fundo lenyewe.

Madina ya wakati ule haikuwa kama Kenya ya leo, ambapo jirani anaswali Jumapili, wewe Ijumaa, na nyote mna kitambulisho kimoja. Mtu alikuwa upande huu au upande ule. Kutoka katika dini kulikuwa ni kuhama kambi, na kesho utamwona mtu yule yule safu ya mbele upande wa pili. Vita vya ridda, alivyopigana Abu Bakr (r.a.) mwaka wa 11 Hijria, vilikuwa ni vita na makabila yaliyozuia Zaka na kuinua silaha, na wengine walijiunga na Musaylima aliyedai utume na akawa na jeshi zima kule Yamama. Haikuwa kesi ya mtu mmoja aliyeketi chumbani kwake na shaka zake.

Sasa nalirudia lile la mwanamke. Imam As-Sarakhsi, mkubwa miongoni mwa Mahanafi, aliyefariki katika karne ya 5 Hijria (na ambaye inasimuliwa kwamba kitabu chake kikubwa, Al-Mabsut, aliwasomea wanafunzi wake akiwa amefungwa shimoni), alieleza kwa nini mwanamke haguswi. Maana ya maneno yake ni hii: kukufuru ni dhambi kubwa kabisa, lakini iko baina ya mja na Mola wake, na malipo yake yamecheleweshwa mpaka nyumba ya malipo. Kinachotangulizwa hapa duniani ni kile chenye maslahi ya watu, na kwa murtadi maslahi hayo ni kuizuia shari ya vita. Mwanamke si mpiganaji, basi haguswi. Jamani, hili ameliandika mwanachuoni wa miaka mia tisa iliyopita! Hakusoma Ulaya, wala hakuna shirika lililomlipa. Ukimsikiliza kwa makini utaona kwamba kwake yeye sababu ya hukumu ni vita, ukafiri peke yake hautoshi.

Hakuwa peke yake. Imepokewa kwamba Umar bin Khattab (r.a.) alipoambiwa habari ya watu wa kabila la Bakr bin Wail walioritadi na kuuawa vitani, alisema yeye angewataka warudi katika mlango waliotokea, na wangekataa angewaweka jela. Ibrahim An-Nakhai na Sufyan Ath-Thawri, wote ni wakubwa wa zama za mwanzo, walisema murtadi ataitwa kwenye tawba daima, bila ya kikomo cha siku tatu. Tukija huku karibuni, Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar kuanzia 1958 mpaka 1963, aliandika kwamba maulamaa wengi hawaithibitishi hadi kwa hadithi ya mpokezi mmoja mmoja, na kwamba ukafiri wenyewe hauhalalishi damu, kinachohalalisha ni kuwapiga vita Waislamu. Dkt. Taha Jabir al-Alwani wa Iraki aliiandikia mas-ala haya kitabu kizima. Huko Morocco, Baraza Kuu la Maulamaa lilitoa rai ya kuuawa murtadi mwaka 2012, na mwaka 2017 likaja na maelezo mengine, kwamba kilichokusudiwa katika hadithi ni usaliti wa dola. Kwa upande wa pili yuko Sayyid Maududi, ambaye vitabu vyake vimesomwa sana na vijana wa jumuiya zetu. Yeye aliitetea hukumu ya kuuawa kwa nguvu zote. Msomeni naye pia.

Mimi si mufti, ni mwanafunzi. Lakini mkiniuliza moyo wangu umetua wapi, nasema umetua kwa Sarakhsi na kwa Shaltut. Na moja katika yaliyonisukuma huko ni kesi ya Sudan, ambayo nataka tukae nayo kidogo.

Mwaka 1983 Rais Jaafar Nimeiry alitangaza sheria alizoziita za Kiislamu. Uchumi ulikuwa umemwia vigumu, kusini vita vimeanza upya, na watu wamemchoka. Alikuweko mzee mmoja, mhandisi, Mahmoud Mohammed Taha, mwenye wafuasi wake na mafundisho yake. Mafundisho hayo, nawaambia wazi, mengi siyakubali, na maulamaa wengi wa Sudan na wa nje waliyapinga. Mwisho wa mwaka 1984 kundi lake lilisambaza karatasi ya kupinga sheria zile, kwamba zinaudhalilisha Uislamu na kuwagawa wananchi. Wakakamatwa. Alishtakiwa kwa makosa dhidi ya dola. Kesi ilipofika kwenye rufaa, ndipo ridda ikaongezwa, na hali sheria yenyewe iliyoandikwa wakati ule haikuitaja ridda kuwa ni kosa. Nimeiry akatia sahihi. Tarehe 18 Januari 1985, siku ya Ijumaa, mzee wa miaka zaidi ya sabini akanyongwa katika jela ya Kober, Khartoum. Miezi isiyotimia mitatu baadaye, tarehe 6 Aprili, Nimeiry mwenyewe akapinduliwa. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Sudan ikaifuta hukumu ile. Imefutwa, na mtu ashazikwa.

Mzee yule hakusema hata siku moja kwamba ametoka katika Uislamu. Alikuwa akisema ni Mwislamu mpaka kamba ikawekwa shingoni. Hapo mnaona: ukishampa mtawala kisu cha kumkatia murtadi, yeye ndiye atakayeamua nani murtadi, na wa kwanza kukatwa atakuwa yule aliyempinga.

Mwaka 2014, hapo hapo Sudan, mwanamke aitwaye Meriam Ibrahim alihukumiwa kunyongwa kwa ridda akiwa mjamzito. Babake alikuwa Mwislamu, akaiacha familia, na mtoto akalelewa na mama Mkristo. Alisema hakuwahi kuwa Mwislamu, sasa ametoka wapi? Alijifungua jela. Mahakama ya rufaa ikamwachilia mwezi wa Juni mwaka ule. Kifungu kile cha ridda, cha 126, kikaondolewa mwaka 2020. Dunia nzima ilikuwa ikitazama, na kilichokuwa kwenye magazeti ni neno Uislamu karibu na neno kunyonga. Hebu niambieni, nani aliyevutika na dini kwa habari ile?

Turudi kwetu. Hapa Kenya hakuna mas-ala ya kuua mtu, na asiwepo kijana wa kujidanganya. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Mahakama za Kadhi zimo katika kifungu cha 170, na kazi yao ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Na hata tukiacha Katiba, vitabu vyetu wenyewe vya fiqhi, vile vile vinavyosema murtadi auawe, vinasema mwenye mamlaka ya kutekeleza ni imamu, na raia aliyejichukulia hukumu mkononi ataadhibiwa. Kwa hiyo yule anayetuma ujumbe wa simu usiku kumtisha mtu, hana madhehebu ya kusimamia. Huyo ni mhalifu tu.

Sisi hapa nchini ni karibu asilimia 11, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019. Kile kifungu cha 32 ndicho tulichokishikilia katika kesi ya hijabu ya shule moja ya Isiolo, tukashinda Mahakama ya Rufaa mwaka 2016, ikaja ikapinduliwa Mahakama ya Juu mwaka 2019, na mpaka leo tunasema watoto wetu wana haki ya kuvaa. Wahubiri wetu wa mihadhara husimama sokoni na Biblia mkononi, na mtu akisilimu tunapiga takbira. Babake akimfukuza nyumbani kwa kusilimu, tunasema huo ni udhalimu, na tunamtafutia pa kulala. Ni kweli. Basi mlango huo ukiutaka uwe wazi wa kuingilia, huwezi kumwambia Mkenya mwenzako kwamba wa kutokea umewekewa panga.

Nimesema kuua, lakini majumbani mwetu kuna adhabu nyingine, na hii ndiyo inayotuhusu hasa.

Namjua kijana mmoja, sitamtaja wala mji wake. Alianza na maswali. Aliyauliza madrasa, maswali ya kawaida kabisa, ya kadari, kwamba kama yote yameandikwa mbona niadhibiwe. Jibu lilikuwa kofi na neno "ushakufuru." Akanyamaza miaka minne, akiswali safu ya mbele, hana imani. Halafu siku moja akasema. Babake akatangaza kwamba hana mtoto wa jina hilo, nguo zake zikatupwa uani. Mamake humpigia simu akiwa jikoni, bomba limefunguliwa ili maji yapige kelele. Nawauliza wazee wangu kwa heshima: ile miaka minne ya kuswali kwa hofu, alikuwa nani? Qur'ani ina jina la mtu wa aina hiyo, na imempa daraja ya chini kabisa ya Moto. Sisi kwa vitisho vyetu tunamtengeneza mnafiki, halafu tunajisifu kwamba tumemhifadhi.

Vijana, mwenye shaka asiogope kusema. Tafuta sheikh mwenye subira. Wapo. Na masheikh zangu, niwieni radhi, kijana akileta swali msimuulize kwanza amelitoa wapi.

Baada ya darsa moja mama mmoja alinifuata nje ya pazia. Mwanawe ametoka. Akaniuliza, mwanangu, akija hapa nyumbani Ramadhani nimpe futari au ni haramu? Nikamwambia kisa cha Asma bint Abi Bakr (r.a.), alipojiwa na mamake aliyekuwa mushriki, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge, na Mtume akamwambia amuunge. Na Suratu Luqman aya ya 15 inamwamrisha mtoto awatendee wema wazazi wake hata kama wanamshikilia amshirikishe Mwenyezi Mungu. Ikiwa anayeitwa kwenye shirki ameamrishwa wema, itakuwaje mama kwa mwanawe?

Kuna mambo yatabadilika, hilo nalo nilimwambia. Kwa sheria ya mirathi, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, na hadithi yake ni sahihi. Lakini zawadi ya mtu akiwa hai ni kitu kingine. Kama kijana ana mke, kwa madhehebu yetu ndoa iliyokwisha kuingiliwa husubiriwa eda. Akirudi kabla haijaisha, nikahi yao ipo. Haya ni ya kupeleka kwa kadhi, si ya kuamuliwa barazani wala na mimi.

Yule mama akaniuliza tena, je nimwombee dua? Nikamwambia aombe mwongofu wake, usiku na mchana, hakuna aliyekataza. Akasema wiki ile alikuwa anakuja Jumamosi, na kwamba anapenda kaimati.

Maswali nitayapokea hapa hapa, na kina dada waandike kwenye karatasi zipitishwe.